Nilivyookoa na kukereza mbao za miembe mikongwe ya Bungi

Mwembe mkongwe ukianguka Unguja huwa una wenyewe kabla hujafika: mchoma chokaa, mchoma mkaa na mchonga ngalawa. Mkerezaji huja wa nne, na mara nyingi hukuta vumbi la msumeno tu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikereza, yaani nikichonga mbao huku ikizungushwa kwenye keezo, vyano (sahani kubwa za mbao), mabakuli na vikopo vya ubani kwa mbao za miti mikongwe iliyoangushwa na upepo au iliyokatwa kupisha barabara na majengo, na miti iliyonishughulisha kuliko yote ni miembe. Mafundi wenzangu huniuliza mbao hizo nazipataje, na nazizuiaje zisipasuke. Nitajibu yote mawili. Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi, nalo nataka lisomwe pamoja na hayo: gogo la mti wa kihistoria huoza mara mbili. Mbao huoza, na habari zake huoza. Mbao hukupa wiki chache. Habari huanza kupotea siku ile ile gogo linapoondoka pale mti ulipokuwa umesimama.

Anayetoka Mjini kwenda Kusini hupita Tunguu, na akifika Bungi hujikuta katikati ya miembe mikubwa iliyopandwa kwa mstari pande mbili za barabara. Ndiyo miembe ya Bi Khole. Kwa masimulizi ya wenyeji, ilipandwa kwa amri ya Bi Khole binti Said, mmoja wa mabinti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa na shamba la karafuu Bungi na ambaye magofu ya nyumba yake bado yapo upande wa bahari. Huyu ndiye dada yake Salme, na wote wawili walikuwa upande wa ndugu yao Barghash mwaka 1859, alipojaribu kumwondoa ndugu yao mwingine, Majid, kwenye kiti cha usultani. Bi Khole alifariki mwaka 1875. Kwa hiyo kama masimulizi ni ya kweli, miembe ile ilitiwa ardhini wakati utumwa bado ulikuwa halali Unguja: soko la watumwa la Mjini lilifungwa Juni 1873, lakini utumwa wenyewe uliondolewa kisheria mwaka 1897. Amri ilikuwa ya bibi. Mashimo yalichimbwa na watu wengine, na majina yao sijapata kuyaona yameandikwa mahali. Hili nalisema kila ninapouza chombo cha mbao hizo, na nitaeleza chini namna ninavyolisema.

Tawi nililolipata liliangushwa na upepo mwishoni mwa masika. Nasema tawi, lakini pale lilipoungana na shina mtu mzima hakuweza kulikumbatia. Wafanyakazi wa barabara walilisukuma pembeni, na nilipopata habari tayari mchoma chokaa alikuwa ameshalilipia. Tanuri la chokaa hula kuni nyingi mno, na mwembe mnene huwaka muda mrefu, kwa hiyo sikushangaa.

Hatua ya kwanza si msumeno, ni sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia. Miti kama hii haina mwenyewe mmoja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalichukuliwa na Serikali na kugawiwa wananchi eka tatu tatu, na mwembe wa kandoni mwa barabara unaweza kudaiwa na Serikali, na mwenye eka, na majirani waliozoea kuokota embe zake tangu utotoni. Nilianza kwa sheha, nikaenda kwa watu wa misitu kuomba kibali cha kuchukua na kusafirisha magogo, ndipo nikarudi kwa mchoma chokaa. Nawashauri wenzangu waipende karatasi ile ya kibali. Wengi huiona usumbufu. Mimi naiona ni hati yenye muhuri inayotaja tarehe, mahali na aina ya mti, yaani mambo matatu ambayo baadaye hakuna mtu atakayekuamini ukiyasema kwa mdomo tu.

Mchoma chokaa alinisikiliza kwa subira.

"Ndugu yangu, mie nimeshalipia mzigo mzima," akaniambia. "Ukinitolea yale manene, tanuri nitaliwasha kwa majani?"

Nikamwahidi gari ya ng'ombe ya kuni za mvinje, badala ya vipande vya chini pamoja na panda, yaani maungano ya tawi na shina. Matawi membamba yote nikamwachia. Tukakubaliana, na tangu siku hiyo yeye mwenyewe hunipigia simu akiletewa gogo lisilo la kawaida. Urafiki na wachoma chokaa umenipa mbao nyingi kuliko duka lolote la mbao.

Kabla msumeno wa moto haujawashwa, nilifanya kazi ya daftari. Nilipiga picha tawi likiwa limelala pale lilipoangukia, shina lililobaki likionekana nyuma yake, nikaandika magofu yako upande gani, na nguzo ya umeme iliyo karibu ni ipi. Kisha nikaenda kwa mzee mmoja anayeishi hatua chache kutoka pale.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya tawi?"

Nikamwuliza anaukumbuka mti ule ukiwa na unene gani utotoni mwake. Akanijibu: "Ule wa upande wa bahari, baba yangu aliukuta mkubwa hivyo hivyo. Sisi tulikuwa tukiingia ndani ya mizizi yake mvua ikinyesha." Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Ushahidi wa namna hii ni mdogo lakini ni wa kweli, na kwa mwembe hatuna bora kuliko huo. Watu hudhani utahesabu duara za ndani ya gogo ujue umri. Duara huonekana vizuri kwa miti ya nchi zenye baridi kali, ambako mti husimama kukua kila mwaka kwa wakati mmoja. Mwembe wa Unguja hunyeshewa masika na vuli, na huchipua tawi moja leo na jingine baada ya wiki kadhaa. Nimelainisha na kulowesha ncha za magogo mengi ya mwembe nikitafuta duara, na nilichoona ni vivuli visivyohesabika.

Sasa ukataji wenyewe. Hapa ndipo chombo hupona au hufa, wala si kwenye mashine.

Mbao bichi hupasuka kwa sababu haisinyai sawasawa. Kwa kuzunguka gogo, husinyaa takriban mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda ganda, na kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Gogo la mviringo likikauka zima, lazima lifunguke mahali, na ufa huanzia kwenye kiini. Ndiyo maana chombo chenye kiini katikati ya kitako hupasuka hata ukisali. Nilichofanya ni kukata vipande vyenye urefu unaozidi kidogo kipenyo chake, kisha kukipasua kila kipande kwa kufuata kiini, na kuondoa ukanda wenye kiini chenyewe. Kila nusu ikawa bakuli au chano. Kipande cha kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa sentimita 70 kikiwa kibichi hukaribia kilo 180, basi pasua hapo hapo ulipo, usijisumbue kukibeba kizima.

Usikate vipande vyote siku moja kama huna nguvu ya kuvikereza vyote wiki hiyo. Gogo refu hujilinda lenyewe: ncha zake hupasuka sentimita kadhaa, unazitupa, ndani bado pazima. Kila ncha iliyokatwa niliipaka nta ya mishumaa iliyoyeyushwa, nikipaka ikiwa moto ili izame. Rangi ya mafuta nayo hufaa. Unyevu hutoka upesi sana kwenye ncha kuliko ubavuni, na kazi ya nta ni kuuchelewesha tu.

Tawi si shina, na hili sikulisoma popote, nililijua kwa kushika mbao. Tawi lililokaa mlalo kwa miaka mingi hubeba uzito wake kwa upande wa juu, na nyuzi za upande huo hujengeka kwa kuvutwa. Ukilikata utaona kiini hakiko katikati. Mbao ya upande wa juu husinyaa hata kwa urefu, na patasi ikipita huacha manyoya badala ya uso laini. Kwa hiyo vipande vya tawi niliviweka kwa vyombo vidogo, na vyano vikubwa nikavitoa kwenye panda, pale tawi lilipoungana na shina. Panda ndiyo sehemu ambayo mchoma mkaa huichukia kwa sababu haipasuki kwa shoka, na mkerezaji anapaswa kuililia. Nyuzi za pande mbili hukutana na kusukana, na ukiikata katikati ya maungano hutoka mchoro unaopanda kutoka kitakoni hadi ukingoni. Mwembe wenyewe ni mbao ya rangi ya kahawia hafifu, wakati mwingine yenye waridi na manjano. Ukiwa umelala chini muda kidogo, kuvu huingia na kuchora mistari myeusi myembamba ambayo hakuna mchoraji anayeweza kuiiga. Lakini kuvu hao hao wakiachiwa huifanya mbao iwe laini kama sifongo, kwa hiyo anayetaka mistari ile inambidi akague mara kwa mara.

Miti ya barabarani ina chuma ndani. Watu wamepigilia misumari ya kutundikia matangazo, waya za kufungia mbuzi, hata mabati ya vibanda, na mti humeza kila kitu. Kule Bagamoyo, kwenye misheni ya Wakatoliki, kuna mbuyu uliomeza mnyororo, na kila mgeni huonyeshwa kipande kilichobaki nje. Kwenye mwembe dalili ni doa la bluu linaloelekea weusi, linalotambaa kufuata nyuzi. Ukiona doa hilo, msumari hauko mbali. Mimi hupitisha sumaku yenye nguvu juu ya kila kipande, kisha kifaa cha kutafutia vyuma ninachoazima kwa fundi bomba, na misumari naitoa kwa patasi na koleo. Doa lenyewe siliondoi. Mti uliosimama karne na zaidi kandoni mwa njia umepigiliwa misumari, na doa ni sehemu ya maisha yake.

Mkerezaji wa mwembe avae kinga puani na apake mikono mafuta. Mwembe ni ukoo mmoja na mkorosho, na utomvu wake huwasha ngozi za watu wengi. Vumbi la mbao yenye kuvu ni baya zaidi.

Fundi aliyenifunza alikuwa akikereza miguu ya samadari (vitanda vya fahari) na misuruaki ya mitawanda, yaani vishikio vya vidole vya viatu vya mbao, kwa keezo la upinde. Mkono mmoja ulivuta upinde ambao kamba yake imezungushwa kwenye kijiti, mkono wa pili ulishika patasi, na kidole cha mguu kiliielekeza ncha. Keezo langu ni la mota, na ninachokereza ni kikubwa kuliko chochote alichowahi kukifunga yeye, lakini aliloniachia ni sikio. Mbao nzima ikizunguka hutoa sauti moja. Yenye ufa hutoa sauti ya kugonga kwa mbali, kila mzunguko mara moja, kabla jicho halijaona kitu. Nikiisikia, nazima.

Kipande kibichi cha chano nilikipunguza pembe kwa msumeno kwanza, nikakifunga kwenye bamba kwa skrubu nene, na nikaanza kwa mizunguko isiyozidi 300 kwa dakika. Kipande hicho hakina usawa, upande mmoja una maji mengi kuliko mwingine, na mashine huruka. Simama kando ya mstari wa mzunguko, usisimame mbele yake. Vaa ngao ya uso. Patasi yangu kubwa ina ulimi wa mviringo, na mbao bichi ya mwembe huikubali kwa raha. Hutoka nyuzi ndefu zenye maji, na karakana nzima hunukia utomvu.

Ukerezaji wa kwanza haulengi kumaliza. Unalenga kupunguza unene ili mbao ikauke bila kujivuta yenyewe hadi kupasuka. Kipimo changu ni sehemu moja ya kumi ya kipenyo: chano cha sentimita 40 nakiacha na ukuta wa sentimita 4, sawasawa kuanzia ukingo hadi kitako. Kitako kinene kuliko ukuta ni ufa unaosubiri.

Baada ya hapo wengine huvitia vyombo kwenye mifuko ya karatasi au huvifukia ndani ya maranda yake. Nchi za baridi hilo linatosha. Hapa kwetu kuna bungua. Mbao ya mwembe ina wanga mwingi, na wadudu wanaotoboa mbao huutafuta huo wanga. Nimeona vipande vilivyohifadhiwa vizuri dhidi ya nyufa vikageuka unga ndani ya miezi michache. Wajenzi wa majahazi walinishauri nizamishe magogo pwani kama wao wanavyofanya na mbao zao, maji ya chumvi yatoe wanga. Ni ushauri mzuri kwa jahazi, ambalo litaishi baharini. Kwa chano sikuuchukua, kwa kuwa chumvi ikibaki ndani ya mbao huvuta unyevu wa hewa kila siku, na patasi zinashika kutu.

Mimi huchemsha. Niliazima sufuria kubwa la pilau la harusi, lile la kupikia mtaa mzima, nikaviweka vyombo vilivyokerezwa mara ya kwanza, nikavifunika kwa maji na kuvikandamiza kwa jiwe. Saa moja ya kuchemka kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, hivyo ukuta wa sentimita 4 hupata kama saa moja u nusu, na mimi huongeza. Maji hutoka mekundu yenye kunata. Joto huua mayai na viwavi vilivyomo, wanga kiasi hutoka, na mbao hulegea, kwa hiyo inapokauka baadaye haijivuti kwa nguvu. Viache vipoe humo humo majini. Ukivitoa vya moto na kuviweka kwenye upepo, umepoteza kazi yote. Sufuria hilo baadaye nililinunua, maana hakuna mpishi aliyelitaka tena.

Kukausha kulifuata kusi. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo yangu: hewa ya ubaridi kidogo, mvua chache. Vyombo vilikaa kwenye rafu ya fito ndani ya ghala lenye kivuli, mdomo chini, nafasi ya kiganja kati ya kimoja na kingine. Kila kimoja kina namba iliyoandikwa kwa penseli ya seremala kitakoni, na namba hiyo imo daftarini pamoja na uzito wake. Napima kwa mizani ya duka. Uzito hushuka haraka mwanzoni, kisha polepole, na siku unapoacha kushuka, mbao imekauka kadiri hewa ya Unguja inavyoiruhusu. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo mbao hutulia ikiwa bado na maji kama asilimia 15.

Vyombo vilitoka vimepinda, vingine virefu upande mmoja kwa sentimita mbili. Ndicho kilichotarajiwa, na ndiyo sababu ya kuacha ukuta mnene. Ukerezaji wa pili hurudisha duara. Mwembe mkavu ni mgumu kuliko ulivyokuwa mbichi, na nyuzi zake huenda huku na huku, hivyo patasi isiyo kali huzing'oa. Niliinoa kabla ya kila mkato wa mwisho, nikachukua ngozi nyembamba mno, kisha msasa wa 120, 180 na 240. Kupita hapo kwa chombo cha kuwekea chakula sioni faida.

Kuhusu mafuta nina msimamo. Mafuta ya nazi yako kila jiko, lakini hayakauki ndani ya mbao, na baada ya muda huchacha. Sifa, yaani mafuta ya papa, ni ya jahazi, ibaki huko. Mafuta ya kitani mabichi hukauka, hata kama polepole, na nikishayapaka mara kadhaa namalizia kwa nta ya nyuki. Yale ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya rangi kwa jina la "yaliyochemshwa" mara nyingi hutiwa dawa za kukaushia zenye madini, na siyaweki karibu na chakula cha mtu.

Sasa nirudi kwenye habari za mti. Mwenye duka mmoja wa Mji Mkongwe aliyapenda mabakuli yangu, akataka niyapige muhuri wa jina la Bi Khole, na akaniletea na mabakuli mengine, ya mwembe wa kawaida kutoka sijui wapi, ili yapigwe muhuri huo huo. Nilikataa, na biashara yetu ikaishia hapo. Sikuona hasara. Mbao za mti wa kihistoria zikishachanganywa na zisizo zake, hata zile za kweli zinakuwa uongo, kwa sababu hakuna tena anayeweza kuzitenganisha.

Ninachoandika chini ya kila chombo ni kidogo. Namba ya daftari, "Mwembe, njia ya Bungi, Unguja", mwezi na mwaka tawi lilipoanguka. Kisha karatasi inayokwenda na chombo inaeleza kwamba kwa masimulizi miembe hiyo ilipandwa kwa amri ya Bi Khole binti Said, kwamba waliopanda walikuwa watu waliofanywa watumwa, na kwamba umri wa mti huu haukupimwa. Mnunuzi mmoja aliniambia maneno ya utumwa yanaharibu zawadi. Nikamwambia kwa heshima kwamba bila maneno hayo sina haki ya kutaja jina la bibi pia. Alichukua chombo pamoja na karatasi yake.

Historia yenyewe husaidia kuchuja. Mtu akiniletea gogo la mkarafuu wa Unguja akisema ulipandwa enzi za Sayyid Said, namkumbusha tufani ya Aprili 1872, iliyoangusha sehemu kubwa sana ya mikarafuu ya kisiwa hiki. Huenda mmoja ulisalia, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake. Akitokea wa kuniuzia kipande cha mwembe wa Ujiji ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake mwaka 1871, jibu ni fupi zaidi: mwembe ule wa asili haupo tena, na iliyopo pale inatajwa kuwa vizazi vyake. Na si kila mti mkongwe una mbao. Mbuyu, hata uwe na umri gani, ndani ni sifongo la maji, hauingii kwenye keezo. Mbuyu ukianguka, andika habari zake, uache uoze kwa amani.

Wanunuzi wangu wengi ni Wazanzibari walioko Maskati, na hapa kuna fundisho la ufundi ambalo lazima mtu alijue kabla ya kupokea oda. Chano kilichotulia Unguja kikiingia kwenye chumba cha kiyoyozi, ambako hewa ni kavu, kitasinyaa tena. Kwa hiyo kinachokwenda Oman au Ulaya nakifanya chembamba zaidi, ukuta usiozidi sentimita moja, ili kijipinde bila kupasuka. Kikopo cha ubani chenye kifuniko kinachobana sikipeleki huko kabisa. Kwa anayekitaka kwa moyo wote, nakereza kifuniko kinachokaa juu bila kubana, ili mwili na kifuniko vipinde kila kimoja kwa njia yake. Nawaeleza pia wasikiweke mbele ya tundu la kiyoyozi miezi ya mwanzo.

Nina ombi kwa wanaosimamia upanuzi wa barabara na kwa masheha wa shehia zenye miembe mikongwe. Mti ukilazimika kuondoka, au upepo ukiutangulia, msiukate vipande vya futi moja moja kwa ajili ya kuni. Acheni magogo ya mita mbili na kuendelea, iacheni panda nzima, na pakeni ncha chochote kilichopo, hata rangi iliyobaki kwenye kopo. Pigeni picha moja kabla ya kukata. Mafundi wa kukereza na kuchonga tupo, Mjini na mashamba, na tutakuja na gari ya ng'ombe na kuni za kubadilishana.